Mwalimu wa Nusukaputi Aliyepanda Pikipiki

Wana-ualimu wenzangu mtanisamehe, leo nawaletea daktari. Ila jamaa huyu ni mwenzetu kabisa.

Nilimjua kwa shari. Likizo iliyopita binamu yangu alianguka na bodaboda. Nikiwa mlangoni pa chumba cha dharura nilimwona nesi akifungua droo hii na ile, akitafuta kimpira kigumu cha plastiki kilichopinda. Alichokipata kilikuwa kidogo mno, akaanza upya. Binamu alipona, ashukuriwe Mungu, lakini zile droo sijazisahau. Baadaye nesi aliniambia kinaitwa Guedel, kazi yake kuzuia ulimi usizibe njia ya hewa mtu akiwa hajitambui.

Kumbe Guedel ni mtu. Arthur Guedel alizaliwa mwaka 1883 Cambridge City, jimbo la Indiana, Marekani. Akiwa na miaka 13 ajali ilimnyang'anya vidole vitatu vya mkono wa kulia. Hata hivyo alihitimu udaktari mwaka 1908, akaanza kutoa nusukaputi, enzi ambazo kazi hiyo mara nyingi aliachiwa yeyote aliyekuwa karibu.

Marekani ilipoingia vitani mwaka 1917, alipelekwa Ufaransa. Majeruhi walikuwa wanamiminika, wajuzi wa nusukaputi wa kuhesabu. Na etha haina utani: ukiitoa kidogo mgonjwa anarusha mateke na kutapika, ukizidisha anaacha kupumua. Kila mtoaji alikuwa na mtindo wake, basi majeruhi aliishi kwa bahati ya aliyemwangukia.

Guedel alichukua aliyoyaona miaka yote akayaweka kwenye chati. Usingizi una hatua nne, na kila hatua ina dalili zake: pumzi zinavyokwenda, macho yanavyocheza, mboni zinavyopanuka, misuli inavyolegea. Akawafundisha manesi na askari wasaidizi kuisoma, kisha akawa anapanda pikipiki, hospitali moja hadi nyingine, kuwakagua. Sisi tunaosubiri mkufunzi field mpaka tunakata tamaa tutaelewa uzito wa ile pikipiki.

Najua kuna watakaosema huko ni kukaririsha. Darasani tunahubiriwa mwanafunzi agundue mwenyewe, nami nakubali, lakini si mbele ya mtu anayevuja damu. Aliyefunzwa majuzi tu hawezi kusubiri uzoefu umjie. Anahitaji kujua aangalie wapi, na aangalie palepale anapoangalia mwenzake wa hospitali ya pili.

Chati aliichapisha mwaka 1920. Kimpira kikaja mwaka 1933. Katikati hapo, yeye na Ralph Waters walitengeneza mrija wa koo wenye puto la kuziba pembeni. Ili watu waamini, walimlaza mbwa usingizi, wakamzamisha majini akipumua kwa mrija huo. Mbwa aliamka, akajikung'uta maji. Zana ya kufundishia hiyo!

Alifariki mwaka 1956. Dawa mpya za kulegeza misuli zilikuwa zimeshafanya dalili nyingi za chati zisisomeke. Kimpira bado kipo.

Mwezi uliopita nilimsindikiza binamu kliniki. Mlango wa dharura ulikuwa wazi. Juu ya toroli vimpira vilipangwa kwa saizi, kidogo hadi kikubwa, na karatasi ya orodha imebandikwa ukutani. Yule nesi alikuwa anahesabu.