Haddow na mbu wa Semliki: Funzo kwa wanaopima elimu kwa faida

Swali ambalo wanafunzi wa vyuo vyetu huwauliza wahadhiri wao mara kwa mara ni lile la faida. Mwanafunzi akielezwa habari za sauti za lugha yenye wasemaji wachache, au tabia za mdudu fulani wa msituni, hutaka kujua kwanza elimu hiyo itampatia kazi gani. Mimi hufundisha isimu, na swali hili nimelizoea. Wala siwalaumu wanaoliuliza, kwani karo ni ghali na kazi ni adimu. Hata hivyo, naona kwamba swali hilo likifanywa kuwa mizani ya pekee ya kupimia elimu, litatupotosha. Ushahidi wangu leo siutoi katika isimu, bali katika maisha ya mtaalamu wa wadudu ambaye jina lake linafahamika vyema miongoni mwa wachunguzi wa virusi, na ambaye sehemu kubwa ya kazi yake aliifanyia hapa Afrika Mashariki.

Alexander John Haddow alizaliwa mwaka 1912 mjini Glasgow, Uskoti. Katika chuo kikuu cha mji huo alisomea elimu ya wanyama, kisha udaktari. Vita Vikuu vya Pili vya Dunia vilipokuwa vikiendelea, alikuwa Kisumu akichunguza mbu waliokuwa wakiingia katika nyumba za wenyeji, na mwaka 1942 akachapisha makala ndefu kuhusu mbu hao na hali ya hewa ndani ya nyumba hizo. Mwaka uo huo alijiunga na Taasisi ya Utafiti wa Homa ya Manjano huko Entebbe, Uganda, iliyokuwa imeanzishwa mwaka 1936 na Wakfu wa Rockefeller.

Kazi yake kubwa ilikuwa Bwamba, magharibi mwa Uganda, kando ya milima ya Ruwenzori karibu na mpaka wa Kongo. Huko yeye na wenzake walijenga majukwaa juu ya miti, ngazi kwa ngazi, na kuwaweka watu humo usiku na mchana kwa saa 24 mfululizo. Kila mbu aliyekuja kuuma alikamatwa, na saa na kimo alichokamatiwa vikaandikwa. Ilibainika kwamba kila aina ya mbu ina saa yake na mahali pake. Mmoja wao, Aedes africanus, huuma zaidi vileleni mwa miti mara tu jua linapotua. Kutokana na subira hiyo, njia ya homa ya manjano ilifahamika: virusi huzunguka baina ya kima na mbu wa vileleni, kima aliyeambukizwa akishuka shambani kula ndizi, huumwa na mbu wa aina nyingine aishiye migombani, naye mbu huyo humwambukiza mkulima.

Katika shughuli hizo, mwaka 1942, mbu waliokamatwa katika msitu wa Semliki walipatikana na virusi ambavyo havikuwa vimejulikana. Haddow na mwenzake Kenneth Smithburn walivieleza mwaka 1944 na kuvipa jina la msitu huo. Virusi hivyo havikuwa vimehusishwa na tauni yoyote ya kutisha. Lau yule mwanafunzi wetu angekuwapo, bila shaka angeuliza vina faida gani, na sidhani kwamba Haddow angekuwa na jibu la kumridhisha. Vilihifadhiwa tu, maelezo yake yakaandikwa kwa uangalifu, na kazi ikaendelea.

Naye aliendelea. Alikuwa miongoni mwa watatu walioeleza virusi vya Zika mwaka 1952, vilivyopatikana mwaka 1947 kwa kima aliyewekwa katika msitu wa Zika karibu na Entebbe. Aliiongoza taasisi hiyo tangu 1953 hadi 1965. Katika kipindi hicho, mwaka 1959, kulizuka kaskazini mwa Uganda homa ya maumivu makali ya viungo iliyoenea hadi Kenya na Tanganyika na kuwapata takriban watu milioni 2. Mimi kama mwanaisimu napendezwa kwamba Haddow na wenzake waliiandika kwa jina walilolipa Waacholi wenyewe, o'nyong-nyong. Baadaye alirejea Glasgow kufundisha, na akafariki mwaka 1978.

Miaka 13 baada ya kifo chake ndipo virusi vya Semliki vilipopata kazi mpya. Mwaka 1991, nchini Uswidi, Peter Liljeström na Henrik Garoff walichukua RNA ya virusi hivyo, yaani ule ujumbe wenye herufi zipatazo 11,000. Sehemu yake ya kwanza hubeba maagizo ya kuunda kimeng'enya cha kuinakili RNA yenyewe. Sehemu ya mwisho hubeba maagizo ya kuunda ganda. Waliyaondoa maagizo ya ganda na kupachika mahali pake jeni waliyoitaka, kama vile mtu anavyobakiza kitenzi cha sentensi na kubadilisha yambwa. RNA hiyo ikiingia katika seli hujinakili mara nyingi, na nakala zake huzalisha protini kwa wingi. Lakini kwa kukosa ganda, haiwezi kuunda virusi vipya.

Njia hiyo sasa inachunguzwa kwa matibabu ya saratani na maradhi mengine. Novemba 2023, Japani iliidhinisha chanjo ya Covid-19 ya RNA inayojinakili, iliyotokana na virusi vya jamii moja na vya Semliki. Kipimo chake ni maikrogramu 5, ilhali chanjo ya RNA ya kawaida iliyotumiwa sana kwa watu wazima ilihitaji 30. Kazi haijakwisha, maana seli huitambua RNA inayojinakili kuwa ni mvamizi na kusitisha uundaji wa protini. Wataalamu wanahangaika kuirekebisha ili ifanye kazi kwa muda mrefu zaidi.

Wahenga walisema mvumilivu hula mbivu. Haddow alivumilia, lakini mbivu hii hakuila. Wala hawakuila wale Waafrika waliokesha juu ya miti wakijitoa waumwe na mbu, ambao majina yao hayatajwi pale virusi vya Semliki vinapotajwa. Haki yao ni kukumbukwa pamoja naye.

Ninaonelea, basi, kwamba walimu wetu wawaeleze wanafunzi habari hizi, na wanaogawa fedha za vyuo vikuu wazizingatie kabla ya kufunga idara zisizoonyesha faida ya haraka. Uswidi isingekuwa na cha kurekebisha mwaka 1991 kama Semliki isingekuwa na wa kuhesabu mbu mwaka 1942. Msitu ule uko kwetu. Yamkini uko mwanafunzi darasani leo ambaye angependa kujua kingine kilichomo ndani yake; tusimvunje moyo kwa kumwuliza atapata nini.