J. A. Hunter na Hesabu ya Vifaru wa Makueni

Ni nani mwenye mamlaka ya kuamuru mnyamapori auawe, na ni nani amsimamiaye mwenye bunduki? Swali hili si geni Kericho na Bomet, ambako mashamba ya chai yamepakana na msitu na tumbili huvuka mpaka kila kukicha. Maisha ya John Alexander Hunter, mwindaji wa serikali ya kikoloni, yanalijibu kwa namna isiyopendeza.

Hunter alizaliwa mwaka wa 1887 kusini mwa Uskoti, akafika Kenya mwaka wa 1908. Kwanza alikuwa gadi wa treni, akiwapiga risasi simba na chui kando ya reli ili auze ngozi zao. Baadaye aliwaongoza matajiri wa kigeni mawindoni, hata Idara ya Wanyamapori, chini ya Kapteni Archie Ritchie, ikampa kazi.

Mojawapo ya kazi hizo ilimpeleka katika nchi ya Wamaasai, ambayo kwa upande mmoja imepakana na Sotik. Sotoka ilikuwa imeangamiza ng'ombe. Simba wakaongezeka kwa kula mizoga, na mizoga ilipokwisha wakageukia mifugo iliyosalia. Kwa muda wa miezi mitatu hivi Hunter aliua simba 88 na chui 10. Ujira wake ulikuwa ngozi. Hapa, kwa maoni yetu, ndipo penye kasoro kubwa: alipwaye kwa ngozi hana sababu ya kuishusha bunduki.

Makueni ndiko kulikompa sifa na lawama. Wakamba walikuwa wamebanwa katika ardhi iliyomomonyoka, na serikali ikakusudia kuwapa makao mapya mahali palipojaa vichaka, mbung'o na vifaru. Haja yao ilikuwa ya kweli, wala haifai kubezwa. Kati ya mwaka wa 1944 na 1946 Hunter aliwaua vifaru 996. Alikwenda kwa miguu pamoja na wafuata nyayo wa Kikamba, ndani ya vichaka ambamo kifaru haonekani mpaka awe hatua chache tu. Alitumia bunduki nzito ili mnyama afe upesi, na aliyejeruhiwa hakuachwa ateseke. Alifuatwa, ijapokuwa kumfuata kulikuwa kuhatarisha maisha. Kwa vipimo vya zama zile, kazi ilifanywa kwa nidhamu, na idara iliweka hesabu. Lakini hesabu ya waliokufa si hesabu ya waliobaki.

Hunter mwenyewe aliliona hilo, ingawa kwa kuchelewa. Katika kitabu chake cha mwaka wa 1952 alitilia shaka iwapo vipande vile vya ardhi vilistahili kugharimu wanyama wengi kiasi hicho. Alihitimisha maisha yake Kiboko, kando ya barabara ya Mombasa, alikojenga hoteli yenye jina lake, akafariki mwaka wa 1963.

Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka wa 1977, na tangu mwaka wa 1990 ni Shirika la Huduma kwa Wanyamapori lishughulikialo wanyama wasumbufu. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1980, majangili walikuwa wamewapunguza vifaru weusi nchini hadi chini ya 400. Idadi hiyo haifiki nusu ya wale waliouawa kwa amri ya serikali huko Makueni.