Jean-Bédel Bokassa: Kaizari Aliyesimama Kizimbani

Bokassa alizaliwa mwaka 1921 katika kijiji cha Bobangui, Jamhuri ya Afrika ya Kati, akatumikia jeshi la Ufaransa. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Januari 1966 alimpindua Rais David Dacko, na mwaka 1977 akajivika taji la ukaizari. Mwaka 1979 wanafunzi walipinga amri ya kununua sare za shule; wengi walikamatwa na kuuawa. Septemba mwaka huo majeshi ya Ufaransa yalimng'oa madarakani.

Mwaka 1980 alihukumiwa kifo akiwa uhamishoni. Oktoba 1986 alirudi Bangui kwa hiari, akakamatwa na kushtakiwa upya. Watu walifurika mahakamani, wengine wakaifuatilia kesi redioni. Mashahidi walieleza madhila yao mbele yake. Juni 1987 alihukumiwa kifo kwa mauaji. Shtaka la kula nyama ya watu halikuthibitika. Mwaka 1988 adhabu ilipunguzwa kuwa kifungo cha maisha. Aliachiwa mwaka 1993, akafariki mwaka 1996.

Mtahiniwa azingatie: Idi Amin, aliyeng'olewa pia mwaka 1979, alifia Saudi Arabia mwaka 2003 bila kushtakiwa. Wafiwa wa Uganda hawakupata siku ya kumwona akijibu.