Eleanor Rathbone, Mtetezi wa Fungu la Mama

Katika Kitabu cha Hesabu tunasoma habari za binti watano wa Selofehadi, waliosimama mbele ya Musa na wakuu wa mkutano kudai sehemu katika urithi wa baba yao. Wengi wetu tumeisikia habari hiyo ikisomwa kanisani. Safari hii tumeona vema kuwaletea wasomaji wetu maisha ya mwanamke mwingine, aliyesimama mbele ya wakuu wa nchi yake kwa jambo lililo karibu na hilo. Jina lake ni Eleanor Rathbone, mbunge wa Uingereza tangu 1929 hata kufa kwake. Hakuwa mwanasheria, wala hakupata kuwa waziri, lakini sheria za wosia na za malezi ya watoto ziligeuka kwa sababu ya kazi yake, na matunda ya kazi hiyo yamefika hata kwetu Kenya.

Alizaliwa London tarehe 12 Mei 1872, katika jamaa ya wafanyabiashara wakubwa wa mji wa bandari wa Liverpool. Baba yake, William Rathbone, alikuwa mbunge, tena mtu wa huruma. Mke wake wa kwanza alipofariki, alimwajiri yule muuguzi aliyemtunza marehemu, aende kuwauguza maskini majumbani mwao. Huo ukawa mwanzo wa kazi ya wauguzi wa mitaani katika Uingereza. Eleanor alilelewa katika nyumba ya namna hiyo, ambamo mali ilihesabiwa kuwa amana ya kuwafaa watu.

Alisoma katika Chuo cha Somerville, Oxford, akamaliza masomo yake 1896. Siku zile wanawake walifanya mitihani kama wanaume, lakini hawakupewa digrii. Mlango huo haukufunguliwa mpaka 1920. Eleanor alirudi Liverpool akaanza kuzuru nyumba za maskini, akiandika kwa uangalifu mapato na matumizi yao. Mwaka 1909 alichaguliwa kuwa diwani wa mji, bila kujiunga na chama chochote.

Vita Kuu vilipoanza 1914, alisimamia katika Liverpool kazi ya kuwasaidia wake wa askari na mabaharia. Serikali iliwalipa wanawake hao posho mikononi mwao wenyewe, na kiasi chake kilifuata hesabu ya watoto. Hapo Eleanor akaona jambo ambalo halikumtoka moyoni tena. Mama akipata fedha yake mwenyewe kwa ajili ya watoto, watoto hula. Lakini mshahara wa mwanamume ulikuwa ule ule, awe hana mtoto au awe nao sita, na mama alingoja apewe kile ambacho mumewe alipenda kumpa.

Mwaka 1924 alitoa kitabu kikubwa kuhusu jamaa zilizonyimwa urithi wao. Humo alishika pia sheria ya kodi. Tangu 1909 sheria ya Uingereza ilimpunguzia kodi ya mapato baba mwenye watoto, ikiwa pato lake ni la kadiri. Jambo hilo lilionekana jema, lakini tuliangalie kwa makini. Karani aliyelipa kodi alipata nafuu. Mchukuzi wa bandarini, ambaye pato lake halikufika kiwango cha kutozwa kodi, hakupata hata peni moja. Na hata nafuu hiyo ya karani ilikwenda kwa baba, si kwa mama. Basi yule mwenye haja kubwa ndiye aliyekosa. Eleanor alitaka kila mama, wa karani na wa mchukuzi, apewe posho ya watoto na serikali.

Wengi walimpinga. Wengine walisema wanaume wataacha kufanya kazi. Katika vyama vya wafanyakazi wako walioogopa kuwa waajiri watapunguza mishahara. Aliwajibu kwa hesabu, mwaka baada ya mwaka.

Alipoingia Bungeni 1929, akiwakilisha vyuo vikuu vya Uingereza, alilikuta jambo jingine zito. Kwa sheria ya England ya wakati ule, mtu aliweza kuandika wosia akampa mali yake yote mtu baki, na kumwacha mjane na watoto mikono mitupu. Mahakama haikuweza kuwasaidia. Katika Scotland, iliyo chini ya mfalme yule yule, mjane na watoto walikuwa na fungu lao kisheria. Mwaka 1931 Eleanor alileta mswada wa kurekebisha jambo hilo. Ulichunguzwa katika kamati, haukupita. Waliopinga walisema mtu ana haki ya kufanya atakavyo na mali yake. Yeye na wenzake hawakukata tamaa. Walikubali njia nyingine, kwamba lisiwekwe fungu maalum, bali hakimu apewe uwezo wa kuwapa matunzo walioachwa. Njia hiyo ndiyo iliyokuwa sheria 1938. Ilikuwa sheria yenye mipaka. Mabinti walioolewa hawakuwamo, na kwa kawaida matunzo yalitolewa katika pato la mali, si katika mali yenyewe, isipokuwa mali ikiwa haizidi pauni 2,000. Hata hivyo mlango ulikuwa umefunguliwa.

Si haki kumsifu mtu na kuficha upungufu wake. Mwaka 1929 aliitisha mkutano London kuhusu hali ya wanawake wa India, na wanawake wa Kihindi waliokuwapo wakamwambia wazi kwamba mambo yao watayatengeneza wenyewe. Mwaka huo huo alisema Bungeni juu ya tohara ya wasichana hapa Kenya, pamoja na mbunge mwenzake Duchess of Atholl, wakati makanisa yetu ya bara yalipokuwa katika mvutano mkali juu ya jambo hilo hilo. Alikuwa na desturi ya kuwasemea watu walio mbali kabla ya kuwasikiliza. Lakini tuseme pia kwamba 1932 alisafiri mpaka India kuonana nao.

Kabla ya vita vya pili, na wakati wa vita, alifanya kazi usiku na mchana kwa ajili ya wakimbizi waliowakimbia Wanazi, akiwasumbua mawaziri kwa barua na maswali mpaka wengine wakimwona hukwepa.

Mwishowe, 1945, serikali ilileta mswada wa posho za watoto. Lakini mswada ulisema kwamba fedha ni mali ya baba. Mwanamke huyu wa miaka 72, aliyeingoja siku hiyo kwa zaidi ya miaka 25, alisimama akasema ataupigia kura ya kuukataa mswada alioupigania maisha yake yote, ikiwa mama hatapewa. Wabunge wakaachiwa huru kupiga kura kama dhamiri zao zilivyowaongoza, na fedha zikawa za mama. Zilikuwa shilingi 5 kwa wiki kwa kila mtoto baada ya yule wa kwanza.

Malipo ya kwanza yalitolewa Agosti 1946. Eleanor hakuyaona. Alifariki ghafula tarehe 2 Januari mwaka huo, hakuolewa wala hakuwa na mtoto. Lile jambo la kodi nalo lilikuja kutengenezwa. Sheria ya 1975 ilianza kuunganisha nafuu ya kodi na posho kuwa malipo mamoja, mtoto wa kwanza akiwamo, na malipo hayo yakapelekwa kwa mama.

Na sisi je? Sheria yetu ya Urithi ilipitishwa 1972, ikaanza kutumika tarehe 1 Julai 1981. Kifungu cha 26 kinampa hakimu uwezo wa kuwapa fungu wategemezi wa marehemu ambao wosia umewasahau, na asili ya uwezo huo ni sheria ile ya 1938. Sisi tuliofundisha miaka mingi tuliwaona watoto wenye akili wakiacha shule muhula baba alipozikwa, kwa kuwa ndugu walikwisha gawana ng'ombe na shamba, na mama hakujua kwamba anaweza kwenda mahakamani. Kuna mmoja ambaye kiti chake tulikiacha wazi mpaka mwisho wa mwaka, tukidhani atarudi. Hakurudi.

Sheria ambayo mjane haijui haimsaidii. Kwa hiyo tunawaomba akina baba wa mtaa wetu waandike wosia wangali wazima, mbele ya mashahidi wawili, na wasimsahau mama wala binti. Na mjane aliyefungiwa mlango na jamaa, tusimwambie avumilie tu. Tumsindikize mahakamani.