Frank Weston: Askofu aliyependa ubani bila kusahau wanyonge

KWA muda mrefu viongozi wengi wa makanisa wameamini kwamba kijana hunaswa kwa magita, vipaza sauti na mahubiri mepesi. Hata hivyo, historia yaonyesha kuwa wapo vijana wanaovutwa na kinyume cha hayo: ibada ya kale, ubani, ukimya, kufunga na Ekaristi.

Mmoja wao alikuwa Frank Weston, aliyekuwa Askofu wa Kianglikana wa Zanzibar kuanzia mwaka wa 1908 hadi alipofariki mwaka wa 1924. Maisha yake ni funzo kwa kila kijana anayeanza kuyapenda mapokeo ya Kanisa, na pia kwa mzee anayemshangaa kijana huyo.

Weston alizaliwa London mnamo Septemba 13, 1871. Alisomea theolojia katika Chuo Kikuu cha Oxford na kufuzu kwa daraja la kwanza mwaka wa 1893.

Oxford ndiko lilikoanzia, mwaka wa 1833, vuguvugu la kulirejesha Kanisa la Uingereza kwenye mizizi yake ya kale. Waanzilishi wake wengi hawakuwa wazee. John Henry Newman, aliyevuma kuliko wote, alikuwa na umri wa miaka 32 tu.

Vuguvugu hilo lilikuwa na gharama. Baada ya Bunge la Uingereza kupitisha sheria ya kudhibiti ibada mwaka wa 1874, mapadri 5 walitupwa gerezani kwa nyakati tofauti kwa sababu ya mambo kama vile mavazi ya ibada na mishumaa altareni. Badala ya kuwatisha vijana, vifungo hivyo viliwafanya waone kwamba imani hiyo ilistahili kuteseka kwa ajili yake.

Wafuasi wa mapokeo hayo walijulikana pia kwa kufanya kazi katika mitaa ya maskini. Weston alifuata nyayo hizo. Kabla ya kuja Afrika alihudumu Stratford, mashariki mwa London, miongoni mwa watu wa hali ya chini.

Alifika Zanzibar mwaka wa 1898 akiwa na Misheni ya Vyuo Vikuu, ile iliyochipuka kutokana na hotuba aliyoitoa David Livingstone mjini Cambridge mwaka wa 1857. Ni misheni hiyo iliyojenga kanisa kuu la Mkunazini, mahali palipokuwa soko la watumwa.

Huko alifundisha katika chuo cha Kiungani, ambacho alikuja kuwa mkuu wake mwaka wa 1901. Aliwaandaa vijana wa Kiafrika kuwa walimu na mapadri, akajifunza Kiswahili na kukitumia katika mafundisho yake. Alipofanywa askofu alikuwa na umri wa miaka 37. Baadaye alianzisha shirika la masista wa Kianglikana ambalo lilikuja kutoa huduma za afya na elimu Tanganyika.

Jina lake lilivuma Kenya mwaka wa 1913. Mwezi Juni mwaka huo, wamisionari wa Kianglikana, Wapresbiteri, Wamethodisti na wengineo walikutana Kikuyu kupanga shirikisho la makanisa yao. Mkutano ulifungwa kwa ibada ya Meza ya Bwana iliyoongozwa na Askofu William Peel wa Mombasa, na wasiokuwa Waanglikana nao wakashiriki.

Weston alighadhabika. Kwake, uaskofu uliorithiwa tangu enzi za mitume haukuwa pambo la kuwekwa kando kila umoja unapotafutwa. Aliwashtaki Peel na Askofu John Willis wa Uganda kwa Askofu Mkuu wa Canterbury, akidai wameingia katika uzushi. Mashtaka hayo hayakufaulu, lakini mjadala ulilitikisa Kanisa la Uingereza.

Wengi walimwona kuwa mkaidi anayetanguliza kanuni mbele ya upendo. Lakini mambo yaliyofuata yalionyesha upande mwingine wa mtu huyo.

Wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza, aliongoza kikosi cha wapagazi wa Zanzibar kilichobeba mizigo ya jeshi barani. Wapagazi wa vita hivyo ndio waliouacha ukumbusho wa majina ya Kariokor jijini Nairobi na Kariakoo jijini Dar es Salaam.

Baada ya vita, serikali ya Gavana Edward Northey ilitoa waraka mwaka wa 1919 uliowataka maafisa na machifu kuwahimiza Waafrika kufanya kazi katika mashamba ya walowezi. Askofu Willis, Askofu Richard Heywood wa Mombasa na Dkt John Arthur wa misheni ya Kikuyu walikosoa waraka huo, lakini wakakubali kwamba kulazimishwa kufanya kazi kungeweza kuruhusiwa kwa masharti.

Weston alikataa katakata. Mwaka wa 1920 alichapisha kijitabu akiishutumu Uingereza kwa kuwageuza Waafrika watumwa wa aina mpya. Kelele zake na za wenzake zilichangia serikali ya London kuamuru, mwaka wa 1921, maafisa wasiwatafutie walowezi vibarua.

Mtu yule yule aliyekataa kulegeza kamba kuhusu altare ndiye aliyekataa kulegeza kamba kuhusu jasho la Mwafrika. Kwake mambo hayo mawili yalikuwa na chanzo kimoja: Mungu aliyetwaa mwili wa binadamu.

Julai 1923 aliongoza kongamano kubwa la wapenda mapokeo katika ukumbi wa Royal Albert, London. Aliwaambia kwamba hawana haki ya kumsujudia Kristo katika tabernakulo ikiwa hawamhurumii katika vibanda vya maskini, na akawataka watoke wakamtafute miongoni mwa walionyanyaswa.

Mwaka uliofuata, Novemba 2, 1924, alifariki Hegongo, karibu na Magila, Tanganyika, kutokana na sumu iliyoingia katika damu. Alikuwa na umri wa miaka 53.

Leo bado wapo vijana wanaoziacha kelele na kutafuta ibada za kale, na baadhi ya wazee huwashuku kwamba wanapenda maonyesho tu. Shaka hiyo haiondolewi kwa uzuri wa kanzu wala wingi wa ubani. Kwa kipimo alichokiacha Weston, huondolewa na jinsi kijana huyo anavyomtendea maskini atakayekutana naye akishatoka kanisani.