Mtu Aliyeligeukia Jinamizi

Wenzangu wameandika juu ya wafalme na majemadari. Mimi nimemchagua Hervey de Saint-Denys, Mfaransa aliyezaliwa Paris mwaka 1822, kwa kuwa aliuchunguza usingizi wake mwenyewe kama sisi tunavyofundishwa kuchunguza jani katika maabara.

Tangu umri wa miaka 13 alizoea kuandika na kuchora kila alichoota. Madaftari yake yalifika 22, yenye ndoto za siku 1,946. Basi kwa mazoea hayo akapata uwezo wa ajabu: katikati ya ndoto alijua kwamba anaota, na mara nyingine aliielekeza alikotaka.

Alifanya pia majaribio. Alipokaa katika milima ya Vivarais alinusa manukato mapya kila siku, na alipoondoka akaifunga chupa. Baada ya muda mrefu alimwagiza mtumishi wake adondoshe matone kwenye mto wa kulalia, usiku wowote, bila kumwarifu. Akaota yuko Vivarais. Jaribio hili nalipenda sana, maana hakujiachia nafasi ya kujidanganya.

Lakini kubwa kwangu ni habari ya jinamizi. Katika bweni letu wapo wanaopiga kelele usiku na kuchekwa asubuhi, na mdogo mmoja wa kidato cha kwanza huogopa taa zikizimwa. Hervey naye aliota mara kwa mara akifukuzwa na mazimwi kutoka chumba hata chumba, milango ikikataa kufunguka. Usiku mmoja akatambua, angali ndotoni, kwamba ile ni ndoto. Akaegemea ukuta, akayageukia, akalikazia macho lile lililotangulia. Mengine yakatoweka, nalo likafifia mpaka likawa kama matambara matupu.

Mchana alikuwa mwanachuoni wa Kichina. Mwaka 1862 alitoa tafsiri ya mashairi ya enzi ya Tang, na mwaka 1874 akawa profesa katika Collège de France. Kitabu chake cha ndoto alikitoa mwaka 1867 bila kutia jina lake, nacho kikawa adimu hata Daktari Freud wa Vienna alikitafuta asikipate. Alifariki mwaka 1892.

Wataalamu wengi hawakusadiki kwamba mtu aweza kulala na papo hapo kujua anaota. Mwaka 1975, katika mji wa Hull, Uingereza, Keith Hearne alimfunga mtu nyaya za mashine ya usingizi. Yule mtu, akiwa amelala kabisa, alipeleka macho kushoto na kulia kama walivyoagana, na mashine ikaandika. Stephen LaBerge wa Marekani alipata matokeo kama hayo baadaye, bila kujua habari za Hull.

Siku hizi wagonjwa wa majinamizi hufundishwa jambo lililo karibu na lile la Hervey, ila wakiwa macho: huiandika ndoto, huigeuza wapendavyo, kisha kila siku huipitisha mawazoni ile mpya kwa dakika chache. Utafiti uliotolewa Marekani mwaka 2001 ulionyesha kwamba majinamizi hupungua, wala hapana dawa ya kumeza.