Hugh Owen Thomas, Muunga Mifupa

Upande wa kaskazini wa nchi ya Wales pana kisiwa kiitwacho Anglesey, na pwani yake ina miamba iliyovunja merikebu nyingi. Watu wa huko husimulia ya kuwa yapata mwaka wa 1745 merikebu moja ilivunjika hapo, akaokoka mtoto mwanamume ambaye hapana mtu aliyeijua lugha yake. Wakamlea, wakampa jina la Evan Thomas. Hata alipokua, wakaona ana mikono ya ajabu: akishika mguu wa mnyama uliovunjika, au bega la mtu lililoteguka, hulirudisha mahali pake, akalifunga, likapona. Kazi hiyo akawarithisha wanawe, kama uhunzi urithishwavyo katika nyumba.

Mjukuu wake, naye jina lake Evan, akahamia Liverpool, mji wa bandari katika Uingereza. Huko kazi haikukosekana, maana wapagazi wa gatini na mabaharia huanguka na kuvunjika kila siku. Maskini walimpenda sana, lakini madaktari walimchukia, kwa kuwa hakuwa na cheti, naye alikuwa akiwaponya watu walioshindikana kwao. Wakamshtaki barazani zaidi ya mara moja. Mzee huyo alikuwa na akili: aliona ya kuwa zamani zile za kufanya kazi bila cheti zinakwisha, basi akawapeleka wanawe wote watano wakasomee udaktari.

Mmoja wao ndiye Hugh Owen Thomas, aliyezaliwa Anglesey mwaka wa 1834. Mwili wake ulikuwa dhaifu, na utotoni aliumia ukope wa jicho moja. Kwa hiyo maisha yake yote alivaa kofia iliyoinamishwa juu ya jicho hilo. Alisoma kwanza kwa mjomba wake aliyekuwa daktari, kisha Edinburgh na London, akapata cheti cha upasuaji mwaka wa 1857. Ndipo akarudi Liverpool kufanya kazi pamoja na baba yake, lakini hawakupatana. Baba aliamini mikono yake tu. Mwana alitaka kujua sababu ya kila jambo. Baada ya muda mfupi wakaachana, na Hugh akaanza kazi yake peke yake, mwishowe katika nyumba moja ya mtaa wa Nelson.

Hivyo akawa mtu wa katikati. Waunga mifupa walimwona daktari, na madaktari walimwona mwana wa muunga mifupa. Hakupata kuwa mganga wa hospitali yo yote kubwa. Yeye naye alikuwa na ulimi mkali, na katika vitabu vyake aliwashambulia wenziwe kwa maneno yasiyo na adabu, wala si ajabu kwamba hawakutaka kumsikiliza.

Na kumbe jambo alilolisema lilikuwa kubwa. Siku zile watoto wengi, hasa wa maskini, walishikwa na kifua kikuu cha viungo. Nyonga au goti huvimba, huuma, hutunga usaha. Madaktari wengi walikata mguu, au walipasua kiungo na kuutoa mfupa ulioharibika. Thomas alisema sivyo: kiungo kigonjwa kinataka kupumzika, na kupumzika kwenyewe kuwe kamili, bila kukatizwa, kwa muda mrefu, hata miezi mingi. Mwaka wa 1875 alitoa kitabu chake juu ya maradhi ya nyonga, goti na kifundo cha mguu, akayaeleza hayo yote.

Lakini mtoto atalazwaje kimya miezi mingi? Hapo ndipo ulipoonekana ufundi wake. Nyumbani kwake palikuwa na mhunzi na fundi wa ngozi, na mwenyewe alijua kukunja chuma. Akatengeneza gango la mguu: pete ya chuma iliyovikwa ngozi, yenye kuvishwa mpaka juu kabisa ya paja, na kutoka peténi fimbo mbili za chuma zashuka kila upande wa mguu na kuungana chini ya wayo. Mguu ukifungwa ndani yake hauwezi kukunjika. Kiatu cha mguu mzima kiliongezwa chuma chini ili kiwe kirefu, hata mgonjwa aliweza kutembea kwa magongo na mguu mbovu ukaning'inia pasipo kukanyaga.

Kila Jumapili aliwatibu maskini bila malipo, nao walijaa mlangoni tangu asubuhi. Yeye aliyewahimiza wengine wapumzike hakupumzika hata kidogo. Mwezi wa Januari, mwaka wa 1891, alishikwa na kichomi, akafa, umri wake miaka 56. Siku ya maziko maelfu ya watu walisimama njiani wakilia, na wengi wao walikuwa wakitembea kwa miguu aliyoiponya yeye.

Hakuwa na mtoto. Lakini tangu mwaka wa 1873 alikaa naye kijana Robert Jones, mtoto wa ndugu wa mkewe, akamfundisha kazi yote. Jones alikuwa mpole wa maneno, na yale ambayo watu hawakutaka kuyasikia kwa mjomba wake, waliyapokea kwake.

Hata vita vya mwaka wa 1914 vilipoanza, askari waliopigwa risasi ya paja walikuwa wakifa ovyo. Walipochukuliwa kwa machela, ncha za mfupa zilisagana na kukata nyama, damu ikamwagika, mtu akafa kabla ya kufika hospitali. Husemwa ya kuwa katika kila 10 walikufa 8. Jones akasisitiza litumiwe gango la Thomas, mguu ukivutwa chini na kufungwa kwenye ncha ya chuma, ili mfupa usitikisike. Wachukuzi wa machela wakafundishwa kulifunga hata wakiwa wamefungwa macho, kwa kuwa kazi yao ilikuwa gizani. Katika vita vya Arras, mwaka wa 1917, waliletwa majeruhi zaidi ya 1,000 wa namna hiyo, na waliokufa hawakufika 16 katika kila 100.